Ukurasa wa Wazazi: Mwalimu aliyefukuzwa, akarudi kwa kura

 

Mwezi huu tuongee juu ya komite ya shule. Mkutano mkuu wa wazazi ukikaribia, maneno huwa mengi pale bombani na kwenye foleni ya chakula, na mengi yanamhusu mtu wa aina moja: mwalimu wa zamani anayeomba kura. Kila mwaka hakosi mmoja au wawili. Ni mtu aliyefundisha miaka ishirini au thelathini kule nyumbani, yuko na D6 yake ya pedagogi, pengine alikuwa mkuu wa shule. Amefika hapa Uganda, diploma yake imeandikwa Kifaransa na shule ni za Kiingereza, basi amekuwa msaidizi wa darasa, au analima kiwanja chake na kufundisha watoto wa jirani jioni. Sasa anasimama mbele ya watu anasema: wazazi wenzangu, nipeni kura.

Maneno tunayoyasikia juu yake ni ya namna mbili. Wengine wanasema, huyo ni mwalimu, atakuwa upande wa walimu. Mtoto akichapwa mpaka akavimba, atamficha mwenzake. Wengine wanasema kinyume chake: huyo ni msomi, tumpe tu, sisi ambao hatujui hata kuandika jina tutaongea nini mbele ya mkuu wa shule? Sisi wa ukurasa huu hatukubali neno la kwanza, na la pili tunalikubali hata kidogo zaidi.

Tukumbushane kwanza kiti chenyewe ni kiti gani. Sheria ya elimu ya Uganda ya mwaka 2008 inataka shule ya msingi inayosaidiwa na serikali iwe na komite ya kuisimamia, na ndani yake wawepo wawakilishi wa wazazi, wanaochaguliwa na wazazi wenyewe kwenye mkutano wao wa mwaka. Kule Kongo nasi tulikuwa na komite ya wazazi, na tunajua haikuwa mchezo, sababu tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mshahara wa mwalimu kwa ile prime, mpaka serikali ilipoanza elimu ya msingi ya bure mwaka 2019. Anayekaa kwenye kiti hicho anaongea juu ya pesa za shule, vyoo, walimu wasiofika kazini, watoto wanaorudishwa nyumbani. Si kiti cha heshima cha kukalia siku ya sherehe.

Sasa tuwapeleke mbali kidogo. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanatuambia kwenye simu kwamba kule viongozi wa shule za wilaya huchaguliwa kwa kura, na majina yao yako kwenye karatasi moja na ya wanasiasa. Ni kweli katika sehemu nyingi za nchi ile. Kuna halmashauri ya shule, inaajiri mkuu wa elimu wa eneo, inapitisha bajeti, inaamua shule ipi ijengwe na ipi ifungwe. Na katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kulikuwa na mama mwalimu aliyeingia kwenye halmashauri ya namna hiyo mwaka 1975, akiwa na miaka 77. Jina lake Septima Poinsette Clark. Tunamleta hapa juu ya njia aliyopita mpaka kufika pale, na mtu aliyepoteza kazi, mshahara na mji wake ataielewa bila kuelezwa sana.

Septima alizaliwa mwaka 1898. Baba yake alizaliwa utumwani, mama yake alikuwa anafua nguo za watu. Alisoma akamaliza ualimu mwaka 1916, lakini mji wake wa Charleston haukuajiri walimu weusi kwenye shule zake za serikali. Hata shule za watoto weusi zilifundishwa na wazungu. Basi akaenda kisiwani, Johns Island, kwa wakulima. Pale alikuta watoto 132 na mwalimu mwenzake mmoja tu. Yeye kama mkuu alilipwa dola 35, mwenzake dola 25. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shule ya watoto wa kizungu, wanafunzi watatu, na mwalimu wao alilipwa dola 85. Hesabu hiyo wapeni watoto wenu waifanye nyumbani: walimu wawili na watoto 132 walipata jumla ya dola 60, na yule mwenye watoto watatu akapata 85.

Vitabu havikuwapo. Aliandika masomo kwenye mifuko ya karatasi ya dobi akaibandika ukutani. Walimu wetu walioanza kufundisha chini ya mti, na makaa badala ya chaki, mnaona wenyewe. Watoto walikuja wakati kazi ya shamba imepungua, wakati wa mavuno darasa likawa tupu. Na jioni wazee walikuja kumwomba awafundishe na wao, akawafundisha.

Hatutaeleza miaka yake yote, ukurasa hautoshi. Alizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi ili mji uajiri walimu weusi, na mwaka 1920 mlango huo ukafunguka. Mume wake alifariki mwaka 1925, na mtoto wake wa kiume alilelewa na babu na bibi upande wa baba, sababu mshahara wa mwalimu haukutosha. Aliendelea kusoma akiwa mtu mzima: digrii ya kwanza aliipata mwaka 1942, ya pili 1946. Alishiriki kwenye kesi ya mwaka 1945 iliyodai walimu weusi na weupe wenye elimu sawa walipwe sawa, na kesi ilishinda.

Tukae kidogo kwenye mwaka 1956, sababu hapo ndipo penye jambo letu.

Mwaka 1954 mahakama kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Wakubwa wa South Carolina walikasirika. Wakatunga sheria kwamba mtu anayelipwa na serikali asiwe mwanachama wa NAACP, chama kilichotetea haki za watu weusi mahakamani. Mwalimu akajikuta mbele ya fomu: andika vyama vyako vyote. Kuna walioacha mstari huo wazi. Mama Clark aliandika. Hakukubali kujitoa. Akafukuzwa, na pensheni yake ikaenda. Alikuwa na miaka 58, na arobaini kati ya hiyo alikuwa mwalimu.

Kabla ya hapo alikuwa amewaandikia walimu wenzake weusi barua 726, akiwaomba waipinge sheria hiyo pamoja. Waliojibu walikuwa 26. Waliokubali kwenda kuonana na mkuu wa elimu walikuwa 11. Siku yenyewe ilipofika, waliotokea walikuwa watano.

Tusiwahukumu haraka wale 700. Walikuwa na watoto wa kulisha, na waliona mwenzao anavyofanyiwa. Hapa kambini tunaijua hofu hiyo: ukiongea utafutwa kwenye orodha, ukiongea mtoto wako ataonewa darasani. Lakini na sisi tunapomchagua mtu wa kutusemea kwenye komite, ni haki yetu kuuliza angekuwa wapi siku ile, kati ya wale 726 au kati ya wale watano. Miaka thelathini ya chaki haijibu swali hilo. Kuna mtu amefundisha miaka thelathini akiinamisha kichwa, na kuna mtu amefundisha mitano na siku moja alisema hapana mahali palipohitaji hapana.

Alipofukuzwa alifanya nini? Alipata nafasi kwenye chuo kidogo cha watu wazima milimani Tennessee, kinaitwa Highlander, mahali ambapo weusi na weupe walikaa meza moja, jambo lililokuwa karibu na kosa la jinai wakati ule. Kutoka pale akarudi na akili moja kwenye kile kisiwa chake cha zamani. Ili mtu aandikishwe kupiga kura South Carolina, alipewa kipande cha katiba ya jimbo akisome. Wazee wengi hawakujua kusoma. Dereva mmoja wa basi, Esau Jenkins, alikuwa anawafundisha abiria wake asubuhi wakienda kazini mjini. Mama mmoja alikariri kipande kile chote kwa masikio mpaka akakijua bila kukosea, lakini akasema hakutaka kukariri tu, alitaka kusoma kweli.

Basi Januari 1957 wakafungua darasa la usiku kwenye chumba cha nyuma cha duka la ushirika. Mbele waliuza vyakula ili wazungu wasijue kinachofanyika nyuma. Na hapa sikilizeni vizuri, ninyi mnaosema msomi peke yake ndiye anayefaa. Mwalimu waliyemchagua hakuwa mwalimu. Alikuwa Bernice Robinson, binamu yake Mama Clark, msusi wa nywele na mshonaji. Hawakutaka mtu aliyezoea kuwasahihisha watoto aje kuwasahihisha wazee. Bernice alikataa kwanza, akasema hajui kufundisha. Alipokubali alikuja na vitabu vya watoto, akaona mara moja havifai, akaviweka pembeni akawauliza wanafunzi wake 14 wanataka kujua nini. Wakamwambia: kuandika majina yetu. Kusoma barua za watoto wetu. Kusoma Biblia. Kujaza fomu ya kutuma pesa kwa posta. Akaanza na hayo.

Kwa hiyo mtu mwenye uzoefu wa miaka arobaini, alipopata nafasi ya kupanga shule mwenyewe, alimweka msusi mbele ya darasa, akakaa nyuma akimsaidia. Huu ndio uzoefu tunaoutafuta. Mwalimu mkongwe ambaye hajawahi kujifunza kitu kutoka kwa mama asiyesoma, tungemwomba asubiri kwanza.

Shule hizo za usiku zilienea kisiwa hadi kisiwa, halafu jimbo hadi jimbo. Tangu 1961 Mama Clark alizisimamia akiwa chini ya umoja wa viongozi wa dini uliokuwa ukiongozwa na Martin Luther King. Huko nako hakukaa raha. Alikuwa mwanamke kwenye kamati ya wanaume wachungaji, na mmoja wa wakubwa alikuwa anauliza mara kwa mara huyu mama anafanya nini hapa kwenye kamati. Alisema waziwazi baadaye kwamba wanaume wale hawakuwasikiliza wanawake. Akina mama mnaofikiria kusimama, mjue maneno ya "huyu anafanya nini hapa" hayakuanza kwetu. Mwaka 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ikapita, na ile mitihani ya kusoma iliyokuwa inawazuia watu weusi wa kusini ikaondolewa.

Sasa rudini Charleston mwaka 1975. Mama Clark amestaafu, amerudi mjini kwake. Shule za mji ule zilizomfukuza sasa zimeunganishwa na nyingine chini ya halmashauri moja ya kaunti. Akagombea, akachaguliwa. Fikirini waliompigia kura. Mwaka 1956 watu weusi wengi wa eneo lile hawakuwa hata kwenye daftari la wapiga kura. Walioingia kwenye daftari, sehemu yao waliingia juu ya yale madarasa ya usiku nyuma ya duka. Hakuyafungua ili siku moja wampe kiti, hakuna mtu anayepanga kampeni ya miaka kumi na minane. Lakini kiti alichokalia kilitoka kwa watu wa namna ile aliowafundisha kushika kalamu. Mwaka uliofuata, 1976, gavana wa South Carolina alikubali kwamba alifukuzwa bila haki, akarudishiwa pensheni yake. Miaka ishirini ilikuwa imepita. Alikaa kwenye halmashauri vipindi viwili, na alifariki Desemba 1987.

Tunajua wako watu hapa wanaosoma hayo na kucheka kidogo kwa uchungu. Mwalimu aliyekimbia usiku na watoto mgongoni, faili yake imebaki kwenye ofisi iliyochomwa moto, nani atamrudishia pensheni? Hatuna jibu la hilo na hatutajifanya tunalo. Ila kuna hasara mbili hapa, na moja tunaiweza. Serikali iliyoacha kumlipa ni hasara ya kwanza. Ya pili ni sisi majirani zake, tunaompita kila asubuhi akienda shamba na jembe, bila kumwuliza chochote juu ya shule za watoto wetu. Watoto waliosoma Kifaransa mpaka darasa la nne au la tano wanarudishwa chini kwa sababu ya Kiingereza, wanakaa na wadogo, wanaona haya, wengine wanaacha. Nani anaelewa mtoto huyo kuliko mwalimu aliyefundisha kwa programu ile ile aliyotoka nayo?

Kwa hiyo mwalimu wa zamani akisimama mwaka huu, tusimwambie "ninyi walimu ni wamoja," na tusimpigie makofi kabla hajafungua mdomo. Tumwulize. Ulipofika hapa huna mshahara, ulifundisha nani? Si lazima awe amefungua shule. Aliyewakalisha watoto watatu wa jirani kwenye mkeka ametujibu. Mama ambaye hajui kusoma akija kwako na lalamiko, utafanyaje ili maneno yake yafike kwenye komite kama alivyoyasema, si kama wewe unavyoona yangekuwa mazuri? Pesa za wazazi zikishatumika, hesabu utatusomea kwa lugha gani, na utaturudia mara ngapi kwa mwaka? Na swali la fimbo lisisahaulike: mwalimu mwenzako akimwumiza mtoto, utaenda naye kwa mkuu wa shule au utamshauri mzazi anyamaze? Akikasirika kwa kuulizwa, na hilo ni jibu.

Wazazi msiojua kusoma, haya maswali ni yenu kama ni ya wengine. Hayahitaji kalamu. Yanahitaji mtu asimame, na kusimama mbele ya watu ni kugumu, tunajua, hasa kwa mama ambaye Kiingereza kinamkimbia na Kiswahili chake ni cha kijijini kwao. Waombeni wanaoongoza mkutano kila neno litafsiriwe kwa sauti kabla ya kura, hata kama linachukua saa nzima. Mkutano unaokwisha haraka mara nyingi ni ule ambao watu nusu hawakuelewa.

Na ninyi walimu wenyewe. Tunajua baadhi yenu mmeamua kukaa pembeni, mnasema tumechoka, tena hakuna posho kwenye kiti hicho. Hamkosei, ni kazi ya kujitolea na lawama zake ni nyingi. Ila mkikaa pembeni wote, kiti kitapata mtu tu. Hakibaki wazi.

Wenye neno juu ya haya wamwachie anayewaletea gazeti, au mwalimu wa darasa la mtoto. Asiyeandika amwambie mtoto amwandikie, na mtoto aandike maneno ya mzazi, asiweke yake. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaongea juu ya watoto wanaofika shuleni wamechelewa kwa sababu ya kuteka maji, na wanavyopokelewa mlangoni.